Dawa ya kuzuia moto katika mine: seli za samaki zinasema nini

Chini ya udongo, moto unatisha kuliko jiwe. Jiwe linaangukia mtu mmoja, labda wawili. Moshi unafuata hewa, unatoka galeri moja unaingia nyingine, unakuta hata ekipe ya mbali ambayo haijui kama kuna kitu kimeshika moto. Ndiyo maana kila kitu tunachoshusha kule, kable, mkanda wa konvwayeri, mafuta ya mashine, kinapakwa au kinachanganywa na dawa za kukizuia kisiwake haraka. Sisi wa sendika tumezipigania dawa hizo, na hatutaki ziondolewe hivi hivi. Lakini iko swali moja ambalo katika komite za usalama haliulizwi karibu hata siku moja: ile dawa ikitoka katika mashine na kuingia katika maji, inafanya nini?

Wazee wetu waliofanya kazi wakati wa Wabelgiji walisikia habari za Marcinelle. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mine ya makala ya mawe ya Bois du Cazier, karibu na Charleroi, kigari kimoja kiliingizwa vibaya katika lifti ya mine. Lifti ikapanda, na kigari kingali kinatokeza nje. Kikakata kable za umeme, kikapasua bomba la mafuta na bomba la hewa. Cheche ikapata mafuta, mafuta yakapata hewa, na galeri ilikuwa imeshikiliwa na mbao. Watu 262 walikufa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia waliokuja kutafuta maisha.

Baada ya lufu ile, nchi sita za Ulaya zilizokuwa katika jumuiya ya makala na chuma ziliunda, mwaka 1957, chombo cha kudumu cha usalama wa mine. Kati ya mambo waliyoyashika kwa nguvu lilikuwa hili: mafuta ya idroliki ya chini ya ardhi yasiwe ya kuwaka ovyo. Walikuwa na haki. Mimi ningekuwa delege wakati ule, ningetia sinyatire yangu bila kungojea.

Sasa, kitu gani hakiwaki? Wenye viwanda walikuwa nacho tayari sokoni tangu mwaka 1929: PCB. Ni mafuta mazito yenye klore ndani, ile klore tunayoijua katika maji ya Javel, lakini hapa imefungwa kwa nguvu sana juu ya kaboni. PCB haiwaki kwa urahisi, haiozi, haichoki. Waliitia katika transfo, katika kondensatere, na katika mine za makala za Ujerumani waliitia katika idroliki ya mashine za kukata. Kila fundi wa idroliki anajua kwamba hakuna mashine isiyovuja. Bomba linapasuka, mafuta yanamwagika juu ya mawe, mtu anaongeza mengine, kazi inaendelea. Maelfu ya tani yalikwenda namna hiyo. Na kwa kuwa mine lazima ivutwe maji kila siku, sehemu ya mafuta ilipanda pamoja na maji ya pompi na kuingia katika mito.

Katika mwaka 1966, msomi mmoja wa Uswidi, Sören Jensen, alikuwa anatafuta dawa ya wadudu, DDT, katika wanyama. Akaona kitu kingine ambacho hakukitazamia. Kilikuwa katika samaki wakali wa maziwa ya kwao wanaoitwa broshe, kikawa katika tai anayekula samaki, kikawa hata katika nywele za watu wa nyumba yake. Ilikuwa PCB. Kitu ambacho hakiozi katika transfo hakiozi katika mto pia. Sifa iliyowafurahisha mainjinia ndiyo ileile inayowaua samaki.

Wajerumani waliachana na PCB chini ya ardhi katikati ya miaka ya 1980. Sehemu inayofuata ndiyo ninayotaka wenzangu wa mine waishike vizuri. Waliweka nini mahali pake? Waliweka mafuta mengine, jina la biashara Ugilec 141. Ukichora umbo lake kwa kalamu, na PCB kando yake, utasema ni ndugu wa tumbo moja: pete mbili za kaboni, na klore juu yake, tofauti moja kubwa ni kwamba katika Ugilec iko kaboni moja katikati inayounganisha zile pete. Ilijaribiwa kwa moto, ikashinda. Ikashushwa. Kisha wapimaji wakaikuta ndani ya samaki wa mito ya Ruhr na Lippe, mito inayopokea maji ya mine zile. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ikaifungia njia kwa sheria. Mine ya mwisho ya makala kule, Prosper-Haniel ya Bottrop, ilifungwa Desemba 2018, lakini pompi bado zinavuta maji ya zile shimo, na PCB bado inapimwa ndani yake. Wachimbaji wamekwenda pansio, mafuta yamebaki kazini.

Kwa nini walitoka kwa ndugu mkubwa wakaenda kwa ndugu mdogo? Kwa sababu swali lililoulizwa lilikuwa moja tu: je, yanawaka? Kumwuliza samaki ilikuwa kazi ndefu na ya bei. Kipimo cha zamani kinataka samaki wazima, wanawekwa katika maji yenye dawa kwa saa 96, halafu mnahesabu maiti. Unarudia kwa kila nguvu ya dawa. Kwa maelfu ya bidhaa za viwanda, nani atafanya?

Hapa ndipo seli zinaingia. Seli ni kile kipande kidogo sana kinachojenga kila kiumbe. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa, cellule. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, Wolf na Quimby, walifaulu kitu ambacho hakikuwa kimefanywa: walichukua seli za samaki anayeitwa trwiti, wakazikuza ndani ya chupa, nazo zikaendelea kuzaana bila mwisho. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada, ekipe ya Niels Bols ikapata seli za maini ya trwiti na seli za mashavu yake, yale matamvua mekundu ambayo mama zetu wanayafunua sokoni waone kama samaki ni mbichi. Trwiti mmoja alikufa zamani, lakini seli za matamvua yake ziko leo katika laboratwari nyingi za dunia.

Kwa nini matamvua? Kwa sababu pale ngozi ni nyembamba kabisa, maji upande mmoja, damu upande mwingine. Dawa kali ikiingia mtoni, pale ndipo inapigia kwanza. Kazi inafanywa hivi: wanachukua sahani ya plastiki yenye vishimo 24, wanapanda seli ndani, wanatia dawa kwa nguvu mbalimbali, wanaacha saa 24 katika baridi ya digri 19, kwa kuwa trwiti ni samaki wa maji ya baridi. Kisha wanatia rangi tatu. Rangi ya kwanza inaonyesha kama seli bado inapumua na kufanya kazi. Ya pili inaonyesha kama ngozi yake bado nzima au imetoboka. Ya tatu inaonyesha kama vile vifuko vyake vya kusagia takataka bado vinashika. Mashine inasoma mwangaza. Mwaka 2021 shirika la OECD lilikikubali kipimo hiki rasmi, nambari 249, baada ya kazi ndefu ya watu wa Eawag kule Uswisi. Siku moja, bila kuua samaki hata mmoja.

Na zile dawa za kuzuia moto, zinafanya nini ndani ya seli? Inategemea jamaa.

Tuanze na PCB zenye umbo la bapa. Ndani ya seli ya maini kuna kitu kama kufuli, na zile PCB ni funguo zinazoingia sawasawa. Kufuli ikifunguka, seli inaamini imevamiwa na sumu ya kawaida, inaanza kutengeneza vimeng'enya vya kuivunja. Lakini PCB haivunjiki. Seli inaendelea kutengeneza, inatumia nguvu, na ile kazi ya bure inatoa oksijeni kali inayounguza seli yenyewe kutoka ndani. Seli za maini ya trwiti zinaonyesha jambo hili wazi kiasi kwamba zimekuwa kipimo: ukitia mafuta ya samaki wa mto fulani juu yake, na vile vimeng'enya vikapanda, unajua mto ule umechafuka na vitu vya jamaa ya PCB na dioksini.

Jamaa ya pili ni ya brome: zile zinazotiwa katika plastiki ya kompyuta, ya televizyo, katika povu la viti, katika nguo za viwandani. Zilionekana kwa samaki kwa mara ya kwanza Uswidi, broshe wa mto Viskan, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1981. Ukingoni mwa mto ule kulikuwa na viwanda vya nguo. Moja yake, BDE-47, ilijaribiwa juu ya seli za trwiti katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Seli zilitoa ile oksijeni kali, kisha zikafa. Nyingine, TBBPA, ina hila yake. Homoni ya tezi ya shingo, ile inayotaka yode, imebeba yode nne juu ya pete mbili. TBBPA imebeba brome nne juu ya pete mbili. Ni kama mtu aliyeingia kazini na karte ya mwenzake: protini ya damu inayobeba homoni inambeba yeye, tena kwa nguvu kuliko mwenye karte. Kwetu hapa, watu waliosumbuliwa na uvimbe wa shingo kabla ya chumvi ya yode wanajua kazi ya tezi ile. Kwa samaki mdogo, ndiyo inayoamua atakua namna gani.

Nimesikia wenzangu wakisema: sisi tunashuka kutafuta bukari ya watoto, si kutetea samaki. Sawa. Lakini bukari inaliwa na nini? Na ile kufuli niliyoisema haiko kwa samaki peke yake. Iko katika maini ya mtu pia. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lile la Lyon, limeziweka PCB katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana wazi kwamba vinaleta kansa kwa mtu. TBBPA iko katika kundi linalofuata. Anayeshika mafuta yale kwa mikono, na kuyafuta na kitambaa alichofutia jasho, ni nani? Ni makanisye wa zamu ya usiku.

Sasa tuje kwa kitu ambacho kila mtu wa mine anakiona: mkanda wa konvwayeri. Mkanda wa mpira, wenye kutembea kilometa na kilometa, ukikwama juu ya rula unapata joto, na mpira wa kawaida ukishika moto haumalizi mapema. Kwa miaka mingi dawa iliyotiwa ndani ilikuwa parafini fupi zenye klore. Kemia yake ni rahisi: moto ukija, klore inatoka na kukaba ndimi za moto. Lakini ile klore inayotoka inakuwa asidi ndani ya moshi, na asidi ile inachoma mapafu ya yule anayekimbia. Kwa hiyo hata hesabu ya usalama wetu wenyewe haiko nyepesi vile wauzaji wanavyoiweka.

Parafini zile zinashikamana na mafuta ya mwili, hazipendi maji. Trwiti waliolishwa nazo katika majaribio ya Kanada walionyesha vidonda vya maini, wakawa wazito, wakaogelea vibaya. Mwaka 2017 Mkataba wa Stockholm, ambao nchi yetu nayo imo, uliziandika katika orodha ya vitu vya kuondolewa duniani. Lakini tusome vizuri: kati ya matumizi yaliyoachiwa nafasi kwa muda, mkataba wenyewe ulitaja vipande vya kubadilisha katika mikanda ya mpira ya konvwayeri, katika mine na katika kazi ya misitu. Mine. Dunia nzima ilikubaliana kwamba kitu hiki ni kibaya, halafu ikaandika kwamba kwa wachimbaji kinaweza kuendelea kidogo. Hakuna delege wa wachimbaji hapa kwetu niliyemsikia akiulizwa maoni. Na viwanda vikahamia wapi? Kwa parafini za kati, zenye mnyororo mrefu kidogo. Ugilec tena. Mwaka 2025 hizo nazo ziliingizwa katika orodha ya Stockholm.

Msomaji ataniuliza: kama kipimo cha seli kipo, kwa nini tusikiamini tu, tukakaa kimya? Hapana. Kipimo kile ni kama mbwa wa mlangoni: akibweka, amka, asipobweka, usiseme hakuna mwizi. Kinaona sumu inayoua haraka. Hakioni ile inayokaa miaka kumi katika mafuta ya samaki na kuharibu mayai yake. Tena dawa hizi zisizopenda maji zinanata ukutani mwa sahani ya plastiki, seli inapata kidogo kuliko kile kilichoandikwa juu ya karatasi. Kama hawakupima kile kilichobaki ndani ya maji, namba inadanganya. Na trwiti si makobo. Samaki wetu wanaishi katika maji ya joto, penye shaba na kobalti tayari. Kwamba kobalti iko nyingi katika miili ya watu wanaokaa karibu na mine na viwanda, hilo lilikwisha kuonyeshwa mwaka 2009 na wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, walipopima mikojo. Seli za tilapia zipo, zilitengenezwa katika Asia. Ningependa kuona siku moja fakilte yetu inazipanda, na kuzipa maji ya Lufira au ya Kafubu pamoja na dawa hizi, siyo kila moja peke yake. Samaki hanywi bidhaa moja moja.

Kwa upande wetu, kazi haihitaji laboratwari ili ianze. Kila bidhaa ya kemia inayonunuliwa kihalali inatembea na karatasi yake, fishi ya usalama, yenye sehemu 16. Mara nyingi iko katika mashine ya ofisi ya manunuzi, kwa Kiingereza au Kichina, na mtu anayefungua pipa hajaiona kamwe. Komite ya usalama na usafi, ambayo Kodi ya Kazi inaitaka, ina nafasi ya kuidai. Delege asipoteze muda kusoma yote. Aangalie sehemu ya 3, inayosema ndani mna nini: akiona nambari 85535-84-8, zile ni parafini fupi, 85535-85-9 ni za kati. Sehemu ya 11 ni madhara kwa mtu. Sehemu ya 12 ndiyo ya samaki na maji. Wakati mwingine imeandikwa pale paka maneno mawili, «hakuna habari». Maneno yale wauzaji wanayasoma kama «hakuna hatari». Delege ayasome kama yalivyo: hakuna aliyepima. Basi ampe muuzaji swali kwa maandishi: kipimo cha seli za matamvua kinachukua saa 24, kwa nini hamkukifanya?

Wataleta jibu la bei, au watasema mkichagua samaki mtaungua. Si kweli. Mafuta ya idroliki ya maji na glikoli yanafanya kazi chini ya ardhi, na Wajerumani wenyewe ndiko walikoelekea. Kable zenye aluminiumu idroksidi ndani zinazuia moto kwa kutoa mvuke wa maji, bila klore wala brome, na moshi wake hauna ile asidi. Nazo zipimwe, ndiyo, tusiruke tena kwa ndugu mdogo.

Inabaki ile takataka. Mkanda mzee wa konvwayeri hautupwi kwetu. Unakatwa, unakuwa kamba za kufungia mifuko ya makala juu ya kinga, unakuwa mlango wa banda la kuku. Kable zinaibiwa na kuchomwa usiku ili shaba itoke, na moshi ule mweusi unatengeneza dioksini, zile zinazofungua kufuli ya maini bila kupiga hodi. Mafuta ya transfo za zamani yanaishia kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, wanapozea mashine zao. Mkataba wa Stockholm uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwisho wa kuziondoa taka zake. Kwa hiyo katika mkutano ujao wa komite yako, kabla ya kuzungumza viatu na kofia, omba orodha ya transfo zote zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990, na karatasi ya kipimo cha mafuta ya kila moja. Ziko wapi, zinavuja au hazivuji, na maji ya mvua yanayopita chini yake yanateremka kwenda mto gani.